Petroli Ikikatika Mlimani: Namna ya Kutafuta Kasoro ya Mafuta Katika Gari Kuukuu

Gari la petroli lililopita miaka ishirini barabarani likianza kukohoa kwenye mlima wa Sachangwan, magharibi mwa Nakuru, mwenye gari huambiwa karibu kila mara kwamba pampu ya mafuta imechoka. Pampu hununuliwa, hufungwa, gari huondoka gerejini likivuta vizuri, kisha siku chache baadaye linakohoa tena palepale. Wakati huo pesa za karo au za mbolea zimekwisha kuingia katika spea ambayo gari halikuihitaji, na anayeumia ni mtu ambaye gari hilo ndilo linalompelekea viazi sokoni au wagonjwa hospitalini.

Tatizo haliko katika ujuzi wa mikono, kwa maana mafundi wa jua kali wa Nakuru na Kisumu wanaweza kufungua tangi na kulirudisha kabla ya chakula cha mchana. Tatizo ni kwamba kasoro za mafuta hufanana kwa nje huku zikitofautiana kabisa kwa ndani: kifuniko cha tangi kilichoziba, mpira uliopasuka, filta iliyojaa kutu, waya iliyooza na pampu iliyochakaa zote humwonyesha dereva jambo moja tu, yaani gari halina nguvu. Anayetaka kuzitenganisha hana budi kuifuata petroli hatua kwa hatua kutoka tangini hadi kwenye injini, akipima njiani, na asinunue kitu chochote hadi kipimo kimwonyeshe mahali inapopotelea.

Vipimo vyenyewe ni viwili, presha na wingi, na kuvichanganya ndiko kunakoleta hasara nyingi. Presha ni nguvu inayoisukuma petroli. Wingi ni kiasi kinachopita kwa dakika. Injini ya cc 1500 inayonguruma bila mzigo hutumia takribani lita moja kwa saa au chini ya hapo, lakini ikipanda mlima na abiria watano huweza kuhitaji mara kumi ya kiasi hicho au zaidi. Kwa hiyo filta iliyoziba nusu inaweza kuonyesha presha kamili gari likiwa limesimama uwanjani, kwa sababu kile kidogo kinachohitajika kinapita bila shida, kisha presha hiyohiyo ikaporomoka mara tu injini inapodai kingi. Fundi anayechomoa mpira, akaona petroli ikiruka na kusema kwamba mafuta yanafika, amejibu swali ambalo halikuulizwa. Swali ni kama yanafika ya kutosha wakati wa mzigo.

Magari yenyewe yamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini, kama zile Peugeot 504 zilizobeba abiria kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu miaka ya 1970 na 1980, pamoja na pikapu za Datsun 1200 ambazo bado zinaonekana vijijini. Humo pampu imefungwa ubavuni mwa injini. Mkono wake husukumwa na kemshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini, nao huivuta diaframu, yaani utando wa mpira, juu na chini. Presha yake ni ndogo, kwa kawaida kati ya psi 3 na 6 (psi ni kizio cha presha), kwa kuwa kazi yake ni kujaza tu kibakuli cha kabureta. Kundi la pili ni la injekta, yaani vinyunyizio vya petroli vinavyoamriwa na kompyuta, na Corolla za AE100 na 110 za miaka ya 1990 ndizo zinazojulikana zaidi kwetu. Pampu yake ni ya umeme, imezama ndani ya tangi, na inasukuma petroli kwa presha ya karibu psi 40 hadi kwenye reli, bomba linalozigawia injekta petroli, ambako regyuleta huipima presha na kuirudisha ziada tangini kwa bomba la pili. Jambo la kukumbuka ni kwamba pampu ya kwanza huvuta petroli kutoka mbali, na ya pili huisukuma. Tofauti hiyo hubadilisha karibu kila kitu katika utafutaji wa kasoro.

Kabla ya kufungua mpira wowote, kuna mambo ya usalama ambayo hayapaswi kupuuzwa hata kwa haraka ya namna gani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujikusanya ndani ya shimo la gereji, mahali ambapo cheche ya waya au jiko la makaa la jirani linaweza kuuwasha. Gari la injekta hubaki na presha hata baada ya kuzimwa. Presha hiyo hutolewa kwa kuchomoa fyuzi au relei (swichi ya umeme) ya pampu injini ikiwa inanguruma, kuiacha izimike yenyewe, kupiga stata mara moja tena, kisha kuondoa waya hasi wa betri. Na kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira, jambo ambalo vijana wengi wa gereji hulifanya kila siku, ni hatari kubwa: tone dogo likipotea njia na kuingia mapafuni linaweza kuyachoma na kumlaza mtu hospitalini. Pampu ndogo ya mkono inauzwa kwa bei ambayo haiwezi kulinganishwa na mapafu ya kijana.

Swali la kwanza ni kama kasoro ni ya mafuta kweli. Koili ya moto, yaani kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche, inayokufa ikipata joto huiga kasoro ya mafuta kikamilifu: gari hukimbia vizuri nusu saa, huzimika, hupoa, huwaka tena. Namna gari linavyozimika hutoa dokezo. Moto ukikatika, injini hunyamaza ghafla kana kwamba mtu amezima kwa ufunguo. Petroli ikikatika, injini hulegea, hukohoa, huvuta kidogo, hulegea tena, hadi kile kilichobaki kiishe. Dokezo hilo lithibitishwe palepale gari lilipozimika, kabla halijapoa. Plagi ya akiba huunganishwa na waya wa plagi, chuma chake kikagusishwa kwenye injini mbali na harufu ya petroli, na mtu mwingine akapiga stata. Cheche ikiwa nene na ya samawati, moto upo. Kisha plagi moja hufunguliwa na kutazamwa: ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na kasoro iko kwingine, ikiwa kavu kabisa baada ya kupiga stata kwa muda, mafuta hayafiki.

Moto ukishathibitika, dereva huulizwa maswali kabla spana haijashikwa, kwa maana wakati ambapo kasoro hutokea ni ushahidi wenye thamani kuliko kelele za injini. Gari linalochelewa kuwaka asubuhi tu, likataka stata ndefu kisha likaenda vizuri siku nzima, lina presha inayovuja usiku. Lile linalokataa kuwaka baada ya kusimama robo saa juani lina petroli inayochemka. Lile linalopoteza nguvu mlimani na kuipata tena dereva akilegeza kanyagio lina njia nyembamba mahali fulani. Lile linalosumbua tangi likiwa chini ya robo, hasa kwenye kona, huenda lina uchafu kwenye chujio la ndani ya tangi au bomba la kuvutia lililotoboka juu ya kina cha petroli. Na lile lililoanza kusumbua siku ileile lilipojazwa mafuta mahali pageni linahitaji petroli yake ichunguzwe kabla ya chuma chochote.

Nchi yenyewe inaongeza jambo ambalo vitabu vingi vya ufundi hulipitia kwa sentensi moja. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850, na barabara ya Eldoret pale Timboroa hupita mita 2,700. Presha ya hewa Nakuru ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, na Timboroa ni chini ya robo tatu. Kabureta haijui kwamba hewa imepungua; huendelea kutoa petroli karibu kama ilivyokuwa ikitoa bondeni, hivyo mchanganyiko huwa mzito zaidi kadiri gari linavyopanda, plagi zikashika masizi meusi na injini ikalegea polepole bila kukohoa. Hilo si kasoro ya pampu, na hakuna pampu itakayolitibu. Lakini fundi anaweza kulitumia jambo hili kwa faida: ikiwa gari la kabureta limepanda kutoka Nakuru hadi Mau Summit, injini ikawa inashtuka na kuvuta kwa vipindi, na plagi zilizofunguliwa papo hapo zikawa nyeupe kama majivu, basi petroli imepungua mahali ambapo ilipaswa kuzidi, na upungufu huo unatoka kwenye njia ya mafuta. Gari la injekta hujirekebisha kwa sensa zake, hivyo kwake urefu wa mlima si kisingizio.

Tangi ndilo mwanzo wa njia, na kifuniko chake ndicho kitu cha bei rahisi zaidi kinachosahauliwa. Petroli haiwezi kutoka tangini bila hewa kuingia kujaza nafasi yake. Katika magari mengi hewa hiyo huingia kupitia vali ndogo ndani ya kifuniko. Vali ikiziba kwa vumbi, au kifuniko cha asili kikipotea na nafasi yake kuchukuliwa na kile cha gari jingine au kitambaa kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni, tangi hubaki likivutwa ndani hadi pampu inashindwa. Ishara yake ni ya kipekee: gari huenda vizuri nusu saa au saa nzima, huanza kukosa nguvu, dereva husimama, na akifungua kifuniko husikia hewa ikiingia kwa mluzi. Kujaribu ni kuendesha njia ileile kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo, tangi likiwa halijajaa. Kasoro ikitoweka, kazi imekwisha kwa gharama ya kifuniko.

Kutoka tangini hadi pampu, gari la kabureta lina sehemu ambayo huwadanganya hata mafundi wazoefu. Sehemu hiyo yote iko chini ya mvuto wa pampu inayonyonya. Mpira ukipasuka hapo, au klipu ikilegea, petroli haidondoki nje injini ikifanya kazi. Badala yake hewa ndiyo inayoingia ndani. Fundi huangalia chini ya gari, huona pamekauka, na kuamua kwamba mipira ni mizima. Pampu mpya ikifungwa nayo huvuta hewa kama ile ya zamani, na kwa sababu ina diaframu ngumu zaidi huweza kuficha kasoro kwa siku chache. Dawa ni kukata kipande kifupi cha mpira wa kuona ndani, ule unaostahimili petroli, na kukifunga kwa muda kabla ya pampu. Injini ikinguruma, petroli inapaswa kupita ikiwa imejaa na imetulia. Mkondo wa mapovu unaoendelea baada ya dakika ya kwanza ni hewa inayoingia nyuma ya hapo. Jaribio la kuthibitisha ni kuiacha njia ya zamani kabisa: mpira mpya kutoka pampu hadi kwenye mtungi safi wa petroli uliofungwa imara mbali na joto na eksozi, gari likiwa limesimama wazi nje. Injini ikivuta vizuri kutoka kwenye mtungi, pampu na kabureta zimetoka mashakani, na kinachobaki ni tangi, chujio na mabomba.

Mpira uliokaa miaka kumi karibu na injini huwa mgumu kwa nje na kulegea kwa ndani. Wakati mwingine utando wa ndani huachana na ule wa nje na kujifunga kama vali, kiasi kwamba hewa ikipulizwa upande mmoja inapita na upande wa pili haipiti. Kwa gari la umri huo, mimi sioni sababu ya kuchunguza mipira mmoja mmoja. Ibadilishwe yote, kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli na si ule wa maji unaofanana nao, kwa maana huo wa pili huyeyuka ndani na kupeleka vipande vyake hadi kwenye jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta vinavyopitisha petroli.

Pampu ya diaframu hupimwa kwa wingi kabla ya presha. Mpira unaoingia kwenye kabureta huchomolewa na kuelekezwa ndani ya chupa, waya ya koili ikiwa imeondolewa ili gari lisiwake na cheche isiruke, kisha stata hupigwa. Petroli inapaswa kutoka kwa mapigo yenye nguvu, na nusu lita ijae ndani ya dakika moja hivi ya kupiga stata kwa vipindi. Kijito chembamba kisicho na mapigo ni ishara ya diaframu iliyochoka au vali zilizokwama. Kuna ishara nyingine ambayo lazima itafutwe hata gari likiwa linavuta vizuri: diaframu iliyotoboka huweza kuipeleka petroli ndani ya oili ya injini. Kijiti cha kupimia oili kikionyesha kwamba oili imeongezeka bila mtu kuimwaga, na ikinuka petroli, gari lisiendeshwe hata kilomita moja, kwa sababu oili iliyoyeyushwa hivyo hailindi tena vyuma na mvuke wake unaweza kulipuka.

Kabureta yenyewe hutoa ushuhuda wake kwa uwazi ukijua pa kuangalia. Kifuniko cha filta ya hewa kikiondolewa, injini ikiwa imezimwa, na kanyagio likasukumwa kwa mkono, kijito cha petroli kinapaswa kuruka ndani ya koo la kabureta kila mara. Kikiruka na bado gari haliwaki, kibakuli kina petroli na tatizo liko mbele yake. Pakiwa pakavu, kibakuli ni kitupu, na ama petroli haifiki au sindano inayoongozwa na boya imekwama ikiwa imefunga. Kugonga kibakuli kidogo kwa mpini wa bisibisi mara nyingi huikwamua sindano, lakini hiyo ni njia ya kufikia nyumbani. Uchafu ulioikwamisha bado umo ndani na utarudi.

Joto la Kisumu linastahili nafasi yake. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 35 hadi 40 hivi za Selsiasi, na ikinyonywa na pampu huchemka mapema zaidi. Pampu iliyofungwa kwenye ubavu wa injini, ikivuta petroli kupitia bomba linalopita karibu na eksozi, mchana wa Februari kwenye foleni ya Kondele, huanza kuvuta mvuke mahali pa petroli, na mvuke hausukumiki. Dereva huzima, husubiri, na gari huwaka tena likipoa. Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa juu ya pampu na petroli ikarudi ndani ya dakika chache, kasoro ni hiyo. Tiba ya kudumu si kitambaa. Bomba lisogezwe mbali na eksozi, bamba la kuzuia joto ambalo fundi fulani aliliondoa zamani lirudishwe, mfumo wa kupoza injini ukaguliwe, na gasketi nene inayotenganisha pampu na injini isibadilishwe na karatasi nyembamba iliyokatwa kwa mkono.

Gari la injekta huteseka kidogo kwa joto kwa sababu petroli yake iko chini ya presha tangu tangini, lakini lina adui wake, ambaye ni umeme. Ufunguo ukigeuzwa na stata ikapigwa, mtu aliyeinama karibu na kiti cha nyuma anapaswa kuisikia pampu ikivuma. Pasipo sauti, fyuzi na relei hukaguliwa kwanza. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, na ndani yake kuna matundu yaliyoandikwa +B na Fp. Yakiunganishwa kwa kipande cha waya huku ufunguo ukiwa umewashwa, pampu hulazimishwa kufanya kazi bila kupitia uamuzi wa kompyuta. Ikivuma kwa njia hiyo na isivume kwa njia ya kawaida, pampu ni nzima na kasoro iko katika relei au katika ishara inayoiamuru. Ikiwa kimya kote kuwili, ngumi moja ya wastani chini ya tangi wakati mwingine huiamsha, na hapo ndipo mtu anaweza kusema bila kubahatisha kwamba pampu imechakaa.

Lakini pampu inayovuma si lazima iwe pampu inayopata umeme wa kutosha. Multimita ikiwekwa kwenye waya mbili za pampu palepale tangini, injini ikinguruma, kipimo kinapaswa kukaribia kile cha betri. Betri ikiwa na volti 13.8 na pampu ikipata 11.5, volti zaidi ya mbili zimepotelea njiani, na pampu inazunguka polepole kuliko inavyostahili. Mara nyingi mkosaji ni waya ya ardhi iliyofungwa kwenye bodi kwa skrubu iliyoota kutu, hasa katika magari yaliyopita maji ya mafuriko ya Nyando au yaliyolala miaka mingi nje. Kusugua kutu hiyo kwa msasa hakugharimu chochote. Pampu mpya iliyofungwa kwenye waya ileile mbovu huenda vizuri kwa muda kwa sababu tu ni mpya, kisha nayo hufa mapema.

Umeme ukiwa sawa, kipimo cha presha hufungwa kwenye njia inayoingia kwenye reli. Kwa injini za 4A-FE na 5A-FE zilizomo katika Corolla nyingi za miaka hiyo, presha inapaswa kuwa kati ya psi 38 na 44 mpira mwembamba wa regyuleta ukiwa umechomolewa na kuzibwa, na kushuka hadi kati ya 30 na 37 ukirudishwa injini ikinguruma bila mzigo. Isiposhuka, mpira huo umepasuka au regyuleta imekwama. Ukinusa mpira huo na kukuta petroli ndani yake, diaframu ya regyuleta imetoboka, na moshi mweusi unaotoka nyuma umepata maelezo yake. Presha ikiwa chini, mpira wa kurudishia hubanwa taratibu kwa sekunde chache kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Ikipanda kwa kasi kupita 60, pampu na filta zina nguvu za kutosha na regyuleta ndiyo inayoachilia petroli irudi. Isipopanda, tafuta nyuma: filta, bomba lililobonyezwa na jiwe, chujio, kisha pampu. Mpira ukiwa mkongwe na mgumu usibanwe, kwa maana utapasuka mkononi.

Injini ikizimwa, presha inapaswa kubaki juu ya psi 21 kwa dakika tano angalau. Ikianguka mara moja, petroli inarudi tangini kupitia vali ya pampu, inapita kwenye regyuleta, au inadondoka ndani ya injini kupitia injekta isiyofunga vizuri. Hili la mwisho hujulikana kwa plagi moja iliyolowa asubuhi huku nyingine zikiwa kavu. Injekta zenyewe husikilizwa kwa bisibisi ndefu iliyoegemezwa sikioni, kila moja ikitoa mlio mkavu wa haraka unaofanana na wa jirani yake, na upinzani wa umeme katika injini hizo huwa karibu omu 13 hadi 14.

Filta ndiyo nyaraka ya maisha ya tangi, na huwa nasikitika kuona ikitupwa bila kusomwa. Ikitolewa, isimwagwe upande ilikotokea petroli safi. Igeuzwe, na kilichomo kimwagwe polepole, kupitia tundu la kuingilia, ndani ya bakuli jeupe. Petroli nzuri ni angavu. Chembe nyekundu zinazovutwa na sumaku ni kutu ya tangi, na hapo hakuna filta itakayodumu hadi tangi lioshwe au libadilishwe. Matone yanayojiviringisha chini ya bakuli bila kuchanganyika ni maji. Vipande vyeusi vinavyobonyea kati ya vidole ni mpira uliooza, na unga wa kijivu unaong'aa hutoka ndani ya pampu yenyewe inayojila. Fundi aliyetazama bakuli hilo kwa dakika tatu anajua mengi kuliko aliyebadilisha spea tatu.

Gari linaloongezwa petroli ya shilingi mia tatu kila asubuhi hutembea siku zote karibu na sakafu ya tangi, mahali ambapo kutu na maji hukaa. Pampu ya ndani pia hupozwa na petroli inayoizunguka, hivyo tangi lililo tupu huichosha mapema. Najua kwamba si kila dereva wa teksi ana uwezo wa kujaza. Hata hivyo kubakiza robo na kuongeza juu yake hugharimu mara moja tu, siku ya kwanza, na baada ya hapo kiasi kinachonunuliwa kila siku ni kilekile.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa janga kubwa zaidi kabla ya Septemba 2018, wakati serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili bei zake zikaribie za petroli na faida ya uchakachuaji ipungue. Bado inafaa kujua namna ya kuitambua. Mafuta ya taa huanza kuchemka karibu nyuzijoto 150, hivyo gari huwaka kwa shida likiwa baridi, hugonga mlimani na kutoa moshi. Tone moja likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe na kuachwa, petroli safi huruka yote, ilhali iliyochanganywa huacha duara la mafuta linaloonekana karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga. Maji hutafutwa kwa kuiacha petroli itulie saa moja ndani ya chupa ya kioo. Yatakuwa chini, yakiwa na mstari wazi juu yake.

Baada ya matengenezo, gari lijaribiwe katika hali ileile iliyoleta kasoro, si kwa kuzungushwa mtaani. Gari lililokuwa likikatika mlimani mchana lipandishwe mlima kama ule wa Riat, Kisumu, saa nane mchana, limebeba mzigo wake wa kawaida, tangi likiwa kwenye kina kilekile lilichokuwa nacho siku lilipozimika, kisha lisimamishwe robo saa juani na kuwashwa tena. Likipita hapo, vipimo viandikwe kwenye kadi na kuwekwa ndani ya kisanduku cha dashibodi: presha ya reli mpira ukiwa umechomolewa na ukiwa umerudishwa, au kiasi cha petroli kwa dakika kwa gari la kabureta, volti za pampu, tarehe ya filta, na kilichoonekana kwenye bakuli. Fundi atakayelifungua mwaka ujao, awe Nakuru au Bungoma, ataanza na namba za gari hilohilo lilipokuwa zima.